Sindano ya Mama

Jumatatu, 8 Julai 2024
Tumetoka zahanati, tumerudi Nambambo. Sukari imemharibu mama macho, na sasa ni sindano kila asubuhi kabla hajala. Nesi Albina kanionyesha: vuta insulini mpaka alama ya kumi na mbili, basi. Kanionyesha mara tatu, kanipa na kipimo cha sukari. Dada yangu Sikudhani yuko Ruangwa kwa mumewe, kwa hiyo ni mimi. Mimi! Mtu niliyeacha useremala kwa kuogopa futi kamba.

Jumanne, 9 Julai
Nimevuta, nikamwaga. Nimevuta, nikamwaga. Mara sita. Mama kakaa na mkono wazi, akauliza: “Umekosea tena, Ismaily?”
Tena!
Nikamfuata Albina kwa miguu, akaja kumchoma. Mama kala saa tano.

Alhamisi, 11 Julai
Albina kanikemea — dawa haitafika mwisho wa mwezi. Kauliza naogopa nini. Kumuua, nikasema. Kasema kuzidisha kidogo kunarekebishika, bila dawa ndiyo anakufa. Akauliza tena: kwa hiyo unaogopa nini?
Nimewaza njia nzima.
Darasa la nne, mwalimu wa hesabu alikuwa mama. Wenzangu kosa moja, fimbo moja. Mimi mbili, watu wasiseme ananipendelea. Siku nilipopima mstari sentimita saba badala ya saba na nusu, alinisimamisha mbele na rula mdomoni mpaka kengele. Mate yananichuruzika, darasa linacheka. Na yeye akacheka.
Kumbe siogopi kumuua. Naogopa sauti yake. Na ndevu zangu zina mvi!

Ijumaa, 12 Julai
Kumi na mbili. Nimemwaga mara mbili tu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimemwambia: “Mama, nikishika sindano, nyamaza.” Sijawahi. Kanyamaza. Nikavuta mara moja, nikachoma — sindano inatoka ndipo nikajua. Nilivuta kumi na nne.
“Ngapi?”
Uongo ulikuwa tayari mdomoni. “Kumi na nne. Nimekosea.”
Niliinamisha kichwa, wallahi, kama mtoto.
“Mbili zimezidi,” kasema. Tu. Kisha nikaona mikono yake inatetemeka. Ananiogopa! Kumbe kila asubuhi ananiogopa. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilifurahi.
Nimempigia Albina, kasema: mpe uji, mpime sukari kila saa. Saa mbili sukari ilikuwa tisa. Saa tatu, sita, inashuka.
Bakuli la uji limekwisha. Amelisogeza kwangu nimwongeze, anangoja.
Naandika kwanza.