Mgeni wa Mchana Kwenye Anwani ya Yavor

Mpendwa Shangazi Iskra, naomba unisaidie hapo gazetini kwako kabla mwezi huu haujaisha, kwa maana ukiisha bila mimi kupata shauri, ama nitakuwa nimempoteza mwanangu mara ya pili ama nitakuwa nimemwacha mume wangu, na yote mawili nayaogopa, wala usiniambie nitulie kwanza, kutulia nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Mimi ni Stoyanka, wa hapa hapa mjini Lom, wengi wananijua kwa jina la Mama Yavor kwa hiyo hakuna haja ya kunificha. Yavor alikuwa mwanangu wa pekee, homa ya uti wa mgongo ndiyo iliyomchukua, mwanzo wa juma analalamika kichwa, mwisho wa juma tunamzika, kijana ndevu hazijakolea. Mume wangu Radko ni fundi wa mtandao, yeye na wenzake ndio waliovuta nyaya za kwanza juu ya mapaa kutoka jengo hadi jengo, enzi zile kila mtaa una mtandao wake, na anwani za mtandao zinagawiwa kama miche ya nyanya, ukiomba moja unapewa mbili. Yavor alipewa ya kwake na baba yake, akatia kompyuta kuukuu kabatini chumbani kwake, na humo akawa anaendesha redio ya mtaa, yeye na maikrofoni na kelele zake, anatangaza nani kapoteza paka, lifti ya jengo gani imekwama, anamtania kila mtu, tena watu wazima na heshima zao walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu. Vipindi vyote alivihifadhi mle kabatini. Mimi tangu azikwe sijafungua hata kimoja, Shangazi, siwezi, nikiisikia sauti ile nitaanguka. Ila mashine sijaizima.

Radko ndiye aliyetaka izimwe. Tumetoka makaburini, hajavua hata koti, akasema, "Nenda kaizime ile takataka." Nikamwambia itazimwa siku nami nikizimika. Toka hapo jina la Yavor halijapita kinywani mwake, kaburini hakutoa chozi, siku arobaini hakutoa chozi, mwaka ulipotimia mimi nachemsha ngano ya kuwagawia watu kwa kumkumbuka, yeye yuko roshani anatengeneza baiskeli ya jirani, nikajua basi, nimeolewa na jiwe.

Sasa kuna hizi karatasi zetu zenye picha ya marehemu, ambazo kila mwaka tunabandika mlangoni mwa jengo na kwenye nguzo na kituo cha basi. Wenzangu chini ya picha huweka shairi. Mimi niliweka anwani ya Yavor, zile tarakimu na nukta zake, ili anayetaka kumsikia aingie amsikie. Jirani yangu Zlatka akasimama pale mlangoni, miwani puani, akaniuliza, "Mama Yavor, hii ndiyo namba ya simu ya mbinguni? Nikipiga wataniitia mama yangu?" Tulicheka, kisha tukalia. Mwanzoni waliingia wengi, vijana wenzake, halafu wakapungua, wameoa, wako Ujerumani, siwalaumu. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja ndiye roho yangu ilipo. Kila siku ya kazi, wakati watu wanakula chakula cha mchana, taa ya kijani ya ile mashine inaanza kuchezacheza, nami naacha sufuria jikoni naenda kukaa kitandani kwa Yavor kuitazama. Jumamosi na Jumapili haji. Simjui ni nani, anaingia kwa simu, kioo kinaonyesha tu kwamba yupo na kwamba anasikiliza kipindi kile kile kimoja, hachoki. Nimejiambia ni msichana aliyempenda mwanangu akaona haya kuniambia. Nampenda huyo binti, namwombea kanisani. Majira ya baridi ya mwaka jana alipotea kabisa, nikadhani ameolewa, na sikuwa na pa kulilia kwa sababu Radko alikuwa ameanguka kutoka ngazini akavunjika mguu, yuko kitandani kutwa, amenuna, mimi namgeuza huku na huku. Alipopona akarudi kazini, na juma lile lile mgeni wangu naye akarudi, nikaimba jikoni kama mwehu.

Sasa limekuja hili. Radko anasema kila kitu kinachoingia kwenye mtandao lazima kiwe na anwani yake, na wale waliozitunga zamani walidhani zitatosha dunia nzima, kumbe kila simu inataka yake, televisheni inataka yake, hata mashine ya kufulia, basi zimekwisha, duniani hakuna mpya. Kampuni iliyonunua mtandao wa mtaa wetu, anakofanya kazi Radko siku hizi, inazikusanya zilizobaki. Wenzetu wote kwenye jengo walishahamishwa zamani wakapangwa kwenye anwani moja kama wapangaji wa mlango mmoja, kutoka unatoka, lakini wa nje akibisha hakuna anayejua anamtaka nani, kwa hiyo haingii. Sisi tu tulibaki na yetu, sijui kwa bahati gani. Sasa na sisi zamu imefika, mwisho wa mwezi inachukuliwa. Radko anataka aihamishie mashine ya Yavor kwenye zile anwani za mfumo mpya, ambazo eti hazitaisha hata wajukuu wa wajukuu wazaliwe. Nimeiona hiyo mpya, Shangazi, ndefu kama treni ya mizigo, tarakimu na herufi, haienei kwenye karatasi. Na mwenye laini ya kizamani haifikii. Hilo Radko mwenyewe amekiri.

Nikamwambia mezani, "Hiyo namba haiondoki. Kuna mtu anaijua."

"Mtu gani?"

"Anayekuja mchana. Ukibadilisha atakwenda kubisha kwa watu wengine."

Akaweka kijiko chini. "Atafika."

"Nani kakwambia? Kwani unamjua?"

"Nimesema atafika, Stoyanka. Huyo hapotei."

Shangazi, nilipandwa na hasira, nikamwambia, "Wewe mwanao amekufa hukutoa hata chozi, utajua wapi nani anapotea na nani hapotei!" Akainuka akaenda roshani bila koti, kwenye baridi ile, akakaa huko mpaka supu ikapoa, na tangu hapo hatuongei. Nimefunga chumba cha Yavor, ufunguo nimeuvaa shingoni, nalala humo humo. Dada yangu Gergina yuko mjini Vratsa ananiambia, "Njoo kwangu, huyo mwanamume hana moyo, umevumilia nini miaka yote?" Begi nimeshalitoa juu ya kabati.

Nifanye nini? Nimkatalie kabisa, au niende kwa dada yangu na mashine yangu, na yule binti nitamwarifu vipi? Nisaidie, nimechoka.

Mama Yavor, Lom

*

Mama Yavor, pole. Barua yako nimeisoma jikoni, nikairudia, vitunguu vikaungua, na wala sikuvijali. Mtoto wa pekee, tena ndani ya juma moja, hakuna mtu wa kukuambia uzoee. Lakini umeniandikia nikushauri, hukuniandikia nikubembeleze, kwa hiyo kaa chini.

Hivi wewe barua yako uliisoma kabla ya kuitia kwenye bahasha? Mgeni anakuja siku za kazi tu. Anakuja saa ambayo mafundi wanakaa garini wanafungua mikate yao. Radko alipovunjika mguu, mgeni hakuonekana. Radko aliporudi kazini, mgeni akarudi, na wewe badala ya kushtuka ukaimba. Ukamwambia mumeo kwamba mgeni atapotea, akakujibu hapotei, kwa uhakika wa mtu anayejua viatu vyake viko wapi. Jamani, Mama Yavor! Hakuna binti yeyote. Mgeni wako unamfulia soksi.

Siapi, sikuwepo kwenye hilo gari. Kama nimekosea nitakuja mwenyewe hadi mlangoni kwako niombe radhi, na mkate wa banitsa wenye jibini mkononi. Lakini niambie jambo moja. Anwani zimekwisha duniani, umesema mwenyewe. Majirani zako wote wamechukuliwa zao, fundi wa kuzichukua ni nani kama si huyo huyo mumeo? Jengo zima likahamishwa, mlango mmoja ukaachwa, na wewe ukaona ni bahati. Bahati gani hiyo? Kuna mtu miaka yote hii amekuwa akigombana na wakubwa wake kazini kuhusu namba moja, kisha anarudi nyumbani anaitwa jiwe.

Sasa nikuseme, na usinune. Ulikuwa na haki ya kulia mbele za watu, kuchemsha ngano, kubandika picha, ni haki ya mama. Lakini polepole ukajifanya mfiwa peke yako. Ukashika chumba, ukashika mashine, ukashika na mgeni, ukamwachia baba wa mtoto roshani. Yeye naye ana makosa yake, tena makubwa. Neno lile la "takataka" alilolitamka na koti mwilini ni la kumpigia mtu magoti kuomba msamaha, na ningekuwa karibu ningemwambia hivyo usoni. Ila nadhani alitaka mashine izimwe kwa sababu hakuweza kupita kwenye mlango ule akaisikia ikivuma. Ulipokataa, je, aliizima? Fundi kama yule alihitaji dakika moja tu na wewe uko sokoni. Hakuizima. Akaenda kujificha barabarani, ndani ya gari, kama kijana anayevuta sigara kwa siri, ili amsikilize mwanawe bila wewe kumwona amevunjika. Ninyi wawili mmelia nyumba moja miaka yote hii, kila mtu kwa zamu yake, na hamkukutana hata siku moja. Hilo ndilo lililoniliza mimi, si habari ya anwani.

Lakini anwani nayo tuiseme, mwezi unakwisha. Namba hiyo inaondoka, utake usitake. Ukiing'ang'ania, Yavor atafungiwa ndani na hakuna wa nje atakayemfikia tena, si rafiki, si jirani, si baba yake. Ile mpya ni ndefu, na wapo wachache wenye vifaa vya zamani watakaoshindwa kufika. Hilo linauma na sitakuficha. Wengi watafika. Na mashine ukienda nayo Vratsa utafika na sanduku bubu tu, maana Gergina anwani atatoa wapi? Dada yako anakupenda, ila katika hili anachochea moto asioupikia. Rudisha begi juu ya kabati.

Leo hii, vua huo ufunguo shingoni ufungue chumba, mlango uache wazi kabisa, tandika kitanda. Usimvizie mumeo mchana, usimpigie simu ili umnase, huyo si mwizi. Akirudi jioni umwekee chakula, ufunguo umpe mkononi, umwambie, "Hamisha, kisha tusikilize wote." Usiongeze neno. Usimuulize kwa nini alikuficha, lini alianza, mbona hakusema. Maswali hayo yana siku yake, na siyo leo. Halafu nawe usikilize. Unaogopa utaanguka? Anguka basi, safari hii kuna mtu wa kukushika. Kipindi anachokirudia hicho mkianze nacho, naamini kijana alimtania baba yake humo, na wewe una haki ya kujua alisema nini.

Karatasi za mwaka huu usiziandike namba yoyote. Chini ya picha andika jengo lenu, mlango wenu, na siku, useme Yavor atasikika nyumbani, karibuni. Zlatka atakuwa wa kwanza kufika, mwandalie kiti kizuri kwa sababu atakaa hadi mwisho na atacheka kuliko wote. Wa Ujerumani mtawatumia hiyo namba ndefu, vijana hao wanajua pa kuibandika.

Na wewe, Radko. Najua gazeti hili halikosi kwenye gari la mafundi, na najua saa ngapi linasomwa. Mkeo hakujua, ndiyo kwanza anajua leo asubuhi, kwa hiyo usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi. Itoe hiyo simu sikioni. Funga mkoba wako wa vifaa, mwambie msimamizi wako unaumwa, na uende nyumbani. Hutakuwa umemdanganya.