Mlinzi wa Choo, Bondeni

Dada Chebet, salamu kutoka vumbi la Nakuru. Kadi hii nimeitia kwenye bahasha, maana si ya kusomwa na karani wa posta.

Tangu madaktari watoe ile radiamu ya kuunguza uvimbe waliyoniwekea ndani kule Nairobi, nimechoka kama mtu aliyelima Mau nzima peke yake. Mkojo unachoma. Tumbo linaniendesha hata nimechoka kwenda na kurudi, kwa hiyo nimeweka benchi ya binamu yetu ninayekaa kwake kando ya choo cha mtaa hapa Bondeni, nashinda hapo na uji wangu.

Watu wanadhani nimeajiriwa. Leo mama muuza viazi ameniomba ruhusa ya kuingia!

"Ingia tu, mama. Mimi ni mgonjwa, nina kansa ya tumbo la uzazi."

Alipotoka, akaketi. "Ulianza na damu?"

"Ndiyo, na hedhi ilikuwa imekoma zamani."

Akasogea karibu yangu. "Damu yangu ina miezi minne. Matibabu yake yanaumiza?"

Sikumdanganya. Nilimwambia yanaunguza, yanamaliza nguvu, lakini damu imekatika. Kesho nampeleka hospitali, miguu ikikubali.

Mungu awatunze huko Olenguruone, na baridi isiwazidi. Lakini dada, asubuhi niliyoondoka nilikuona mtoni ukifua vitambaa vyenye damu peke yako, na wewe hedhi yako ilikoma kabla ya yangu. Nilinyamaza kwa aibu. Sasa sina nguvu hata ya aibu. Njoo. Benchi inatosha wawili.

Mdogo wako, Tapkigen