Karatasi Niliyobandika Mwenyewe

Jumatano, Julai. Baridi kali.

Mashine ilikuwa nzima. Muda wote huo ilikuwa nzima!

Mwaka jana nilipima kama mashine ya kuwapa joto vichanga, pale zahanati ya masista, inavujisha umeme. Sikuchomoa kwanza kifaa cha kuikinga na radi. Kile hupeleka ardhini umeme ukizidi, ndiyo kazi yake, na umeme wa kipimo ni mkubwa. Mimi nikadhani mashine inavuja. Nikabandika karatasi: MBOVU, MSIWASHE.

Leo nimekichomoa, nikapima upya. Haivuji hata chembe. Nikakirudisha, nikaiwasha.

Sista Yasinta akapiga makofi. "Umeitengeneza, fundi! Laiti ungekuja Juni. Tulipata watoto njiti wawili, tukawafunga blanketi tu."

Sikuuliza kama walipona. Nikasema ndiyo, Sista, nimeitengeneza.