Karatasi Ulizozibusu

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini nimeshika kalamu tangu alasiri na mkono umekataa kuanza bila hiyo. Mswada wa kitabu changu cha kwanza uko hapa mezani, umefungwa kwa uzi, unangoja kwenda posta, na kutoka hapo kwa mchapishaji Dar es Salaam. Wewe ndiye wa kuniambia niupeleke au nisiupeleke, na wewe ndiye usiyekuwepo.

Watu huniuliza nimejifunzia wapi kutunga. Naona haya kuwaambia ni kwenye karatasi za njugu. Unakumbuka? Ukinituma Mlandege, wenye maduka walikuwa wakifungia njugu na sukari kwa kurasa za vitabu vikuukuu, nami nikirudi nyumbani Mkunazini nazikunjua, nakusomea. Hadithi hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Wewe usiyejua herufi hata moja ulikuwa ukimenya muhogo na kuzimalizia. "Huyo mume kishakufa, wasitufiche," ulisema. "Endelea." Mpaka leo kitabu kipya nakianza ukurasa wa kumi. Mwanzo naubuni mwenyewe, kisha narudi kuona nani kashinda, mimi au mwandishi. Mara nyingi nashinda mimi, au labda najipendelea.

Siku moja mwisho ulioutoa ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Mwanamke wa Kizimkazi, kachoshwa na kipigo cha mume, alitoka alfajiri na mkeka kwapani, viatu mkononi, akamwacha mwanawe mchanga amelala kwa mama mkwe. Akatembea mpaka mjini na hakurudi tena. Nikakuuliza, "Na yule mtoto, Bibi?" Ukasema muhogo unaungua. Muhogo ulikuwa bado haujatiwa motoni.

Sikulifikiri sana hilo. Niliiona hadithi tu, nikaanza kuiandika. Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, madaftari adimu, nikaandika kwenye kila karatasi niliyoipata, kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo nilizofunzwa kwanza chuoni, kwenye Kurani, na mkono wangu ulikwenda mbio nazo. Kisha nikazitandaza sakafuni nione ipi itangulie ipi, nikaenda skuli.

Wewe ukaingia na ufagio. Nyumbani kwetu karatasi yenye herufi zile haikanyagwi wala haitupwi jaani. Uliziokota moja moja, ukazibusu, ukazigusisha kwenye paji la uso, ukazitia kikapuni pamoja na juzuu za Kurani zilizochakaa, ukampelekea Maalim wa chuo azizamishe baharini. Niliporudi nikaulizia karatasi zangu. "Zako zipi? Maneno ya Mungu unayaweka chini, mwanangu? Nshayapeleka." Ningekwambiaje kwamba umebusu uongo wangu? Nilikwenda kulia chooni, nikafungulia maji usinisikie.

Tangu siku hiyo naandika nakala mbili za kila kitu, kwa herufi za skuli, na sakafuni siweki hata kipande. Kila ukurasa nausoma kwa sauti kabla sijauamini, kana kwamba umekaa pale na kisu chako unanisikiliza. Hadithi ile niliiandika upya kutoka mwanzo, na miaka ikapita, ikawa kitabu hiki.

Ulipofariki mwaka jana, siku ya hitima Maalim aliniita pembeni. Akaniambia aliona mapema kwamba zile si juzuu, akakuita akurejeshee. Ukamwambia akusomee. Akakusomea. Ukasema, "Tena." Akakusomea mara ya pili. Kisha ukamwambia: "Mtoto kapatia. Ila huyu mwanangu aliyelala hakumpa jina. Zizamishe tu, Maalim."

Maalim alilitamka neno hilo, mwanangu, huku akitazama kwengine.

Kumbe ulijua zile ni karatasi zangu, Bibi, na mwanamke wa Kizimkazi alikuwa wewe. Miaka yote ile tulikula sinia moja, kila mmoja akimficha mwenzake. Na sasa nakosa usingizi kwa swali moja: ulizizamisha kwa kuona aibu, au kwa sababu mtoto hakuwa na jina? Baba hajui kwamba ana kaka. Kitabu kikitoka atajua yeye, na mtaa mzima utajua. Naogopa kukuanika. Naogopa vilevile kukuzamisha mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu.

Nimeulizia. Yuko hai, huko huko Kizimkazi, mtu mzima mwenye wajukuu. Jina lake nimeshaambiwa, lakini sijaliandika popote. Ijumaa nitakwenda. Sijui nitamwamkia vipi, na mdomo wangu haujawahi kumwita mtu baba mkubwa. Nitamsomea mara mbili, kama Maalim alivyokusomea wewe. Akitaka jina lake litiwe, nitalitia mbele ya macho yake, kisha ndiyo niende posta. Akisema zizamishwe, bahari iko mlangoni kwake.

Nimefunga nakala zote mbili, nakwenda nazo.

Niombee huko uliko, na usinichoke.

Mjukuu wako,
msomaji wako wa karatasi za njugu