Nyayo Katika Shamba la Bibi Enesi

Hasamba, Jumatano

Mdogo wangu Balthazar,

Huku hatujambo, ila mvua haikati na maharage yanaoza shambani. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Rozi barua hii akuletee.

Bibi Enesi ameniita nikapige nguruwe pori wanaomaliza mahindi yake. Sijawahi kuwinda kwake, kwa hiyo jana mchana alinizungusha shamba lote. Alinionyesha mipaka, kaburi la mumewe, na miche ya kahawa nisiyotakiwa kuikanyaga.

"Utakachokiona kwenye ardhi yangu, uniambie," alisema.

Upande wa mtoni palikuwa na nyayo za nguruwe. Mbele kidogo mahindi yalikuwa yamenyofolewa na mabua yamesimama. Nguruwe haachi bua limesimama. Chini niliona alama za viatu vya tairi, cha kushoto kina kiraka kisiginoni. Kiraka hicho nilikigongelea mimi, kwenye kiatu chako.

Nimemwambia habari za nguruwe tu, na tangu hapo sikai wala silali.

Kesho jioni naingia na bunduki, na gizani mahindi yakitikisika sitajua ni nani. Wewe tangulia mchana, upite mlangoni kwake umwambie mwenyewe. Usipokuja, nitamwambia mimi.

Mama anakusalimu. Yeye bado hajui.

Kaka yako,
Osea