Kumchagulia Baba Bastola

Jumatatu, 3 Septemba

Nimemfunga Baba vifungo vya kanzu. Nimefagia duka. Nimetundika nyavu nje, zile za matundu makubwa ambazo watu wa hifadhi ya bahari wanaziruhusu. Kisha shule. Hesabu, Kiswahili, Bayolojia. Kwenye Bayolojia nilisinzia. Mwalimu akagonga dawati langu, darasa likacheka.

Nyumbani hakuna anayelala vizuri tangu wale watu waingie dukani na mapanga. Walikuja kwa boti, wakaondoka kwa boti. Hawajakamatwa. Baba aliukinga uso kwa mkono wa kushoto. Kidonda kimefunga, lakini vidole vitatu havikunjiki. Ndiyo maana vifungo ni kazi yangu.

Leo kibali chake kimetoka. Serikali ya kijiji imekubali, kamati ya usalama imekubali, polisi wamekubali. Atanunua bastola. Alivyosema, ungedhani anazungumzia mzani mpya wa dukani.

Sitaki bastola nyumbani. Sikumwambia.

Jumanne, 4 Septemba

Bwana Karim amerudi kutoka Dar. Ana duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, duka alilofungua babu yake. Yeye ana bastola miaka mingi. Amemletea Baba karatasi kutoka kwa muuza silaha, zote za Kiingereza.

Baba alizigeuza juu chini. Bwana Karim akacheka. "Mwenye Kiingereza unaye ndani, unahangaika nini? Binti, msomee baba yako. Achukue fupi, inayojipakia yenyewe, yenye nafasi za kufungia vifaa. Siku hizi ndizo hizo."

Baba akanikabidhi karatasi. Akasema nichague mimi, na nitakayosema ndiyo atakayonunua. Kwa sababu mimi nimesoma.

Niko kidato cha tatu. Nimechoka hata kabla ya kuanza.

Alhamisi, 6 Septemba

Kamusi ya shule haina nusu ya maneno haya. Naelewa kwa picha. Kisha namsomea Baba kwa Kiswahili baada ya chakula cha mchana, wakati dukani hakuna mtu.

Fupi maana yake inakaa chini ya kanzu bila kuonekana. Kujipakia maana yake ukifyatua, risasi inayofuata inaingia mahali pake yenyewe. Nikamwambia Baba kazi ni ya kidole kimoja tu. Alifurahi. Kidole kimoja anacho.

Vifaa ni hadithi ndefu. Chini ya mtutu kuna mfereji wa kufungia tochi. Juu kuna mahali pa kioo kidogo kinachoonyesha nukta nyekundu pale utakapopiga. Mpini una migongo ya kubadilisha, ya kiganja kikubwa na ya kiganja kidogo. Bastola moja ina hesi, kama za skrubu, mdomoni mwa mtutu, ya kufungia kitu cha kupunguza sauti. Hiyo sikumsomea. Mwenye duka la nyavu afiche sauti ya nini.

Mama alikuwa akisikiliza mlangoni. Akasema, "Mnunulie tochi. Hiyo nyingine waachie wenyewe." Mdogo wangu Haji akauliza kama inashika redio. Baba hakucheka. Mimi kidogo.

Ijumaa, 7 Septemba

Leo nimemsomea masharti ya kuitunza. Ama iwe mwilini mwako, ama ifungiwe. Hakuna mahali pa tatu.

Baba akauliza, na swala je? Msikitini hataki kuingia nayo. Basi ibaki dukani. Ikibaki dukani, duka lifungwe.

Hapa Kilindoni hatufungi duka kwa swala. Ikiadhiniwa, mwenye duka analaza fimbo mlangoni, anakwenda. Nyavu ziko nje, droo iko wazi, na hakuna anayeivuka fimbo. Hata mtoto mdogo anajua. Wale watu wa mapanga hawakuivuka fimbo, walimkuta Baba ameketi ndani.

Leo Baba ametia kufuli kabla ya swala ya Ijumaa. Anajizoeza, alisema. Watu waliporudi kutoka msikitini, Mzee Shomari akasimama mbele ya mlango. Yeye hushona nyavu za watu kwenye baraza yetu, na nyuzi zake zilikuwa ndani. "Kumbe siku hizi tunafungiwa," akasema. "Mwizi nani sasa, mimi au huyu?" Akamwonyesha paka. Watu wakacheka. Baba akafungua kufuli kwa mkono mmoja, taratibu, bila kumtazama mtu. Ilichukua muda. Vicheko vikaisha kabla hajamaliza.

Niliona haya. Sijui kwa niaba ya nani.

Jumapili, 9 Septemba

Baraza tupu. Mzee Shomari amehamishia nyuzi zake sokoni. Na wenzake wamemfuata. Wateja wanakuja, wananunua, wanaondoka. Hakuna anayeketi. Hakuna habari za bei ya pweza, hakuna ubishi wa mpira. Kimya hiki kinachosha kuliko kelele.

Baba amechonga kipande cha mninga, urefu ule ule wa bastola ulioandikwa kwenye karatasi. Anakivaa kiunoni ili auzoee uzito. Kinamchoma ubavu anapoinama. Anainuka kama mtu mzee. Mlango ukifunikwa na kivuli cha mtu, mkono wake unakwenda kwenye kipande cha mti.

Nakichukia kipande kile.

Jumatano, 12 Septemba

Nimechagua. Nyepesi kuliko zote, fupi, ina mfereji wa tochi, ina mahali pa kioo cha nukta, ina mgongo wa kiganja kidogo. Ina pia kizuizi cha usalama ambacho mtu anakiona kwa macho. Nilifikiria vidole vya Haji. Nikamweleza Baba moja baada ya jingine, kama tunavyofundishwa kujibu swali: hoja, kisha sababu.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema.

Nilijisikia kama nimefaulu mtihani. Baadaye nikajisikia vibaya.

Jikoni Mama alikuwa akimenya muhogo. Hakuniangalia. "Umemchagulia."

"Nimeambiwa nichague, Mama."

"Na ukiambiwa uchague kaburi?"

Nikachukua kisu. Tukamenya wote wawili mpaka muhogo ukaisha. Kisha akanimiminia chai, akatia sukari zaidi kuliko ninavyopenda. Hakuomba radhi. Na mimi sikuomba.

Jumamosi, 15 Septemba

Baba amepanda boti ya kwenda Nyamisati, bara, asubuhi. Kutoka kule atachukua gari mpaka Dar. Amebeba kibali na karatasi yenye picha niliyoizungushia duara.

Nimeomba dua mbili. Afike salama. Na duka la silaha liwe limeishiwa. Sikuona aibu kwa ile ya pili.

Tumekaa dukani mimi na Mama. Amekuja mwanamke wa kisiwa cha Jibondo kununua kamba za kulimia mwani. Alimuuliza Mama, "Mwenyewe yuko wapi?" Mama akasema, "Amekwenda kuuguza mkono." Kwa namna yake ni kweli.

Jumatatu, 17 Septemba

Mtihani wa Fizikia. Swali la mwisho lilikuwa la msuguano na nililijua, lakini nilikaa nikitazama karatasi tupu. Nikaandika dakika za mwisho, haraka haraka.

Baba amepiga simu. Anarudi kesho. Mama akamuuliza, "Umemaliza?" Akasema, "Nimemaliza." Basi.

Mama ameondoa kanga zake kwenye kabati lenye kitasa. Amelifuta ndani kwa kitambaa kibichi. Ameliacha wazi, tupu. Godoro la Haji amelihamishia chumba cha mbali. Nilishika upande mmoja wa godoro, yeye mwingine.

Jumanne, 18 Septemba

Amerudi. Begi moja.

Alilifungua kwenye mkeka. Madaftari yetu. Tende. Kanga ya Mama, doti nzima. Mama hakuigusa. Alikuwa akimtazama Baba kiunoni. Hakukuwa na kitu, hata kile kipande cha mti.

Baba akanywa maji kwanza. Kisha akaeleza, akiniangalia mimi.

Aliikuta niliyoichagua. Ilikaa vizuri mkononi, alisema, kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Muuzaji akamwambia aivute nyuma sehemu ya juu, maana risasi ya kwanza haiingii yenyewe. Mkono mmoja unashika, mwingine unavuta. Ya kwanza tu. Zinazofuata ndizo zinazojiendea.

Mkono wa kushoto ukateleza. Akajaribu tena. Chuma ni kigumu, vidole viwili havikiwezi. Akajaribu kuibana ubavuni. Watu walikuwa wakisubiri nyuma yake.

Picha haikuonyesha hilo. Mimi nilisoma tochi, nikasoma kioo, nikasoma mpini. Sikujiuliza inaanzaje.

Muuzaji ni kijana mwenye adabu, Baba alisema. Akamwambia, "Usijali, mzee. Nyumbani si kuna mtu mwenye mikono mizima? Awe anakuvutia asubuhi, wewe unashinda nayo."

"Nikawapitia watu wangu moyoni," Baba akasema. "Mama yako hawezi hata kuitazama. Haji mtoto. Nikakuona wewe, na sare yako ya shule. Unanivutia, unaiweka mezani, unachukua mkoba wako, unakwenda." Akalisogeza begi kando. "Nikamrudishia."

Haji akauliza kama tende ni za kula sasa au baadaye. Mama akasema sasa. Akaivuta kanga, akainusa, akaikunja. Kisha akaenda kulifunga lile kabati.

Nimelia jikoni. Kwa furaha, nadhani. Pia kwa woga, kwa sababu wale watu wako huko huko waliko, na sisi hatuna kitu. Yote mawili ni kweli. Sijui niyapange vipi.

Ijumaa, 21 Septemba

Duka sasa linafungwa kabla ya Magharibi. Bwana Karim amesema Baba ni mjinga, na kwamba kuna bastola za aina nyingine, zisizohitaji kuvutwa. Baba akamjibu kwamba amesikia. Asubuhi alikwenda sokoni kumsalimia Mzee Shomari. Alikaa huko muda mrefu. Sikumuuliza walizungumza nini.

Matokeo ya Fizikia yametoka. Si mabaya. Lile swali la msuguano nimelipata lote.

Mchana nilimwonyesha Baba karatasi ya mtihani. Akataka nimweleze lile swali. Nikachukua kamba dukani, nikaizungusha mara kadhaa kwenye nguzo ya baraza, nikamwambia ashike mwisho wake kwa mkono wa kushoto. Mimi nikavuta upande wa pili kwa nguvu zangu zote. Kamba haikwenda. Akatazama vidole vyake viwili, akatazama nguzo.

Akauliza, "Na kamba ikilowa, mbona inashika zaidi?"

Sijui. Nitamuuliza mwalimu Jumatatu.