Twita Mpya na Kayamba la Sidi

Jumanne, 11 Novemba. Riyadh

"Twita ni twita. Ohm zikilingana na tundu likitosha, funga skrubu ukalale." Kimani kaandika hivyo kwenye kundi letu la waunda spika, kuhusu vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, na watu tisa wakamwekea dole gumba. Upuuzi. Ohm ni ukinzani wa umeme, si ukubwa wa sauti. Kwa umeme uleule twita moja hupaza kuliko nyingine, na kapasita, kichujio cha umeme, iliyofaa ile ya zamani inaweza kuiunguza mpya. Nimemjibu kwa aya sita. Kimani ni mlinzi wa hoteli Jeddah. Ana kipaji cha kukosea kwa sentensi fupi.

Nimeng'oa twita za tatu mwaka huu. Maboksi niliyakata mwenyewe kutoka milango ya kabati aliyoitupa bosi. Sitafuti anasa. Nataka kayamba la Sidi lirudi. Mke wangu alilitikisa kwenye kwaya yetu Kaloleni. Rekodi iko kwenye simu, yeye yuko kaburini mwaka wa nne. Zamani lilichacharika mbele ya sauti zote. Sasa halipo. Twita mbovu.

Alhamisi, 13 Novemba

Twita mpya, za kitambaa cha hariri. Nimelehemu nilipokwisha kuwarudisha watoto wa bosi kutoka shule. Kayamba hakuna. Nikatoa rezista inayozipunguza nguvu ili zipaze zaidi. Hakuna.

Nekesa, mfanyakazi wa ndani wa nyumba hii, alileta chai mlangoni kwangu, sikio moja kaliziba kwa bega.

"Baba Kadzo, hiyo kitu inachoma masikio."

"Inachoma nini? Huko juu hakuna sauti hata kidogo."

"Sawa basi. Mimi ni mtu wa kudeki tu."

Nikamhutubia habari za vifaa duni. Alikuwa anangoja kikombe. Nilikuwa mkali bila sababu.

Jumapili, 16 Novemba

Madam analalamika. Dirisha la jikoni linatazamana na langu, anasikia sss, sss, kama nyoka. Halas, basi, zima. Nimezima.

Nimeandika kwenye kundi kwamba tunauziwa takataka, na wanaozisifu wana nta masikioni. Wawili wamejitoa. Waende.

Ijumaa, 21 Novemba. Jeddah

Likizo ya shule. Tangu alfajiri niko kwenye usukani, familia nyuma, spika moja miguuni pa Nekesa chini ya shuka. Amesema akiulizwa atajibu ni mzigo wa shetani.

Kesho nina mapumziko. Naenda kwa Kimani, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Nitamwaibisha mbele ya shahidi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeaibika mimi.

Chumba cha vitanda viwili. Kimani, na Musoke, fundi umeme Mganda anayekaa naye. Tukaunganisha spika yangu. Wote wawili wakakunja uso.

"Mzee, umetuletea msumeno," Kimani akasema.

Nikamwambia masikio yake yamezoea redio ya kinyozi. Kimani akaweka mlio mmoja kwenye simu, unaopanda polepole. Masharti: sote tufumbe macho, tuinue mikono, kila mtu ashushe asiposikia tena.

Mlio ulipanda, ukawa uzi, ukaisha. Sikushusha mkono. Niliona nikishusha wa kwanza nimeshindwa. Nikaukaza, nikangoja wao washindwe.

Nilipofumbua macho, simu ilikuwa imeshazimwa, iko mfukoni mwa Kimani. Mkono wangu peke yake juu. Musoke alitazama sakafu. Kimani, ambaye kwa mwaka mzima nimemtafutia kosa, alisema tu, "Tunywe chai, kaka."

Tukarudia, safari hii bila udanganyifu. Nilishusha mapema sana. Kimani ananizidi miaka mitano na mkono wake ulibaki juu muda mrefu.

Kisha akapiga wimbo wa kwaya. Nikamuuliza kama kayamba lipo. Akaitikia kwa kichwa, akalifuatisha kwa kucha juu ya meza. Kucha nilizisikia.

Limekuwepo siku zote.

Jumatatu, 1 Desemba. Riyadh

Daktari wa zahanati alinionyesha mchoro. Upande wa kulia, wa sauti nyembamba, mstari unaporomoka. Akauliza nimefanya kazi wapi. Miaka saba chumba cha kompresa, mashine za hewa zinazonguruma, kabla ya udereva. Mimi niliyeandika kundini dhidi ya kila dhuluma sikuwahi kudai hata pamba ya masikio. Hakuna kitakachorudi, alisema.

Nimerudisha twita za kwanza na kapasita zake. Nekesa anasema sasa inasikilizika. Mimi sioni tofauti.

Kesho nitawatumia kundi mistari hii, basi:

Kimani, Musoke, nanyi wengine wote. Kuhusu ohm Kimani bado amekosea, hilo silifuti. Lakini kila spika niliyoihukumu kwa masikio yangu, futeni hukumu yake. Rekodi ya kwaya hii hapa. Ipigeni, kila mtu kwenye spika zake, mpaka mwisho. Msiniambie twita ya nani ni bora. Nimeanza kusahau. Niambieni kayamba la Sidi linaingia ubeti gani.